Kelele Hufutwa Sikioni: Visikilizio Visivyo na Waya na Vifaa Vinavyoviongoza

Kisikilizio kinachofuta kelele hubeba maikrofoni, kichakataji na spika ndogo, vyote ndani ya kifaa chenye uzito wa gramu tano au sita. Maikrofoni iliyo upande wa nje hunasa kelele ya mazingira. Kichakataji hupima wimbi lake na kuunda wimbi la pili lililogeuzwa: pale la kwanza linapopanda, la pili hushuka. Spika hulitoa wimbi hilo ndani ya tundu la sikio, mawimbi mawili hukutana na kupunguzana nguvu, na ngoma ya sikio hupokea mabaki. Visikilizio vizuri vina maikrofoni nyingine upande wa ndani, karibu na spika, inayosikiliza mabaki hayo na kukiarifu kichakataji kirekebishe. Mfumo wa maikrofoni ya nje peke yake hukosea pale kisikilizio kinapokaa vibaya sikioni, na ule wa maikrofoni ya ndani peke yake huchelewa kwa sauti nyembamba. Ndiyo maana bidhaa nyingi za bei ya kati na ya juu hutumia zote mbili.

Kazi hiyo yote hukamilika ndani ya kisikilizio. Simu, kompyuta au runinga iliyounganishwa nacho haina mkono wowote katika hesabu hiyo. Kinachobadilika mtumiaji anapohama kutoka iPhone kwenda simu ya Android, au kutoka simu kwenda kompyuta, ni njia ya kutoa amri: kifaa gani kinaweza kuwasha, kuzima, kupunguza, kupima au kusasisha. Malalamiko mengi kwamba visikilizio fulani “havifuti kelele” kwenye simu ya kampuni nyingine hutokana na kuchanganya mambo haya mawili, nayo hueleweka mara yanapotenganishwa.

Simu haiwezi kufanya kazi hiyo kwa sababu ya muda. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo sentimita 2 kutoka maikrofoni ya nje hadi ndani ya tundu la sikio huzimaliza kwa mikrosekunde 58 hivi. Ili kelele ipungue kwa desibeli 20, yaani nguvu yake ibaki sehemu moja ya mia, wimbi lililogeuzwa linatakiwa kufuatana na la asili kwa kosa lisilozidi takriban sehemu moja ya kumi ya kimo chake. Kwa mngurumo wa hezi 100, kosa hilo ni sawa na kuchelewa kwa milisekunde 0.16. Kwa sauti ya hezi 1,000 ni mikrosekunde 16, na kwa mlio wa hezi 5,000 ni mikrosekunde 3 tu. Muziki unaotoka kwenye simu kwa Bluetooth, kwa upande wake, huchelewa milisekunde 100 hadi 300 kwa kawaida, kwa kuwa lazima ubanwe, ugawanywe katika vifurushi, urushwe, kisha ufunguliwe upya. Katika milisekunde 100 sauti ya kawaida huwa imekwisha kwenda mita 34. Wimbi la kufuta kelele likipitishwa kwenye simu lingerudi wakati kelele iliyolengwa nalo imeshapita.

Uthibitisho wake ni rahisi kuupata. Visikilizio vingi vya aina hii huendelea kufuta kelele hata Bluetooth ya simu ikizimwa, na vingine huanza kazi mara vinapovaliwa bila kuunganishwa na kitu chochote. Vilevile kodeki, yaani namna muziki unavyobanwa kabla ya kurushwa, haigusi jambo hili. SBC iliyo ya lazima kwa vifaa vyote, AAC inayotumiwa na iPhone, LDAC ya Sony au SSC ya Samsung hubadilisha ubora wa muziki. Ukimya unabaki uleule.

Hesabu hiyo ya mikrosekunde ndiyo pia inayoeleza kwa nini kelele nyingine hukatika na nyingine hupenya. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, na linabadilika polepole kiasi cha kukipa kichakataji nafasi. Wimbi la hezi 5,000 lina urefu wa sentimita 7 hivi, na kosa dogo la mahali au la wakati hulifanya lile lililogeuzwa liongeze kelele badala ya kuipunguza. Kwa hiyo ufutaji wa kielektroniki hufanya kazi yake kubwa chini ya hezi 1,000. Juu ya hapo, kizuizi ni kipande cha silikoni kinachoziba tundu la sikio.

Safari ya ndege za ATR, aina inayotumiwa na Precision Air kwa njia za ndani ya Tanzania, ni mfano unaofaa. Propela ya ndege hizo ina mapanga sita na wakati wa safari huzunguka takriban mara 1,000 kwa dakika, hivyo mapanga hupita mahali pamoja mara 100 kwa sekunde, na mvumo unaomchosha abiria una kitovu chake karibu na hezi 100. Hapo ndipo visikilizio hivi vina nguvu zaidi, na abiria anayeviwasha huhisi mvumo ukishuka ghafla. Jenereta ndogo ya petroli inayozalisha umeme wa hezi 50 huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Ikiwa na silinda moja ya mipigo minne, hulipuka mara 25 kwa sekunde, na kelele yake hujipanga kwenye 25, 50, 75 na kuendelea. Nayo hukatika vizuri, sawasawa na feni, kiyoyozi na injini ya basi inayokwenda kwa mwendo mmoja. Kelele hizi zote zina sifa mbili: ni nene, na hazibadiliki sana kutoka sekunde moja hadi nyingine.

Mpiga debe wa kituo cha daladala ni jambo tofauti. Sehemu ya sauti ya binadamu inayobeba maneno iko zaidi kati ya hezi 300 na 3,000, tena hubadilika kila silabi. Kisikilizio hupunguza unene wake na kuacha makali. Ndiyo maana wapo watumiaji wanaoshangaa kwamba baada ya kuwasha ufutaji wa kelele wanasikia mazungumzo ya jirani waziwazi zaidi: mngurumo uliokuwa ukiyafunika umeondoka, nayo yamebaki. Honi, kilio cha mtoto, mgongano wa sahani na mlio wa breki hupenya kwa sababu hizohizo. Upepo una tatizo lake la pekee. Hewa inayovuruga uso wa maikrofoni ya nje huzalisha kelele ambayo haiko ndani ya sikio, na kichakataji hujaribu kuifuta kelele isiyokuwapo, hivyo huiingiza. Abiria wa bodaboda hulisikia hilo kama mvumo unaopigapiga, na dawa yake ni kuzima ufutaji au kuwasha hali ya kupunguza upepo kama ipo.

Silikoni inastahili kuzungumziwa kwa uzito ule ule wa kielektroniki, ingawa matangazo huipita haraka. Kipande kisichoziba huruhusu sauti nene kuingia kwa wingi, na hizo ndizo kichakataji kilizopaswa kuzimaliza. Spika ndogo haina nguvu ya kushindana na mlango ulio wazi. Mtu mwenye tundu la sikio la kulia kubwa kuliko la kushoto anahitaji saizi mbili tofauti, na kufanya hivyo si kasoro. Visikilizio vyenye umbo la wazi visivyoziba tundu kwa silikoni, kama Galaxy Buds Live za 2020 na toleo la AirPods 4 la 2024 lenye ufutaji, huleta nafuu inayosikika, lakini haviwezi kufikia kiwango cha vile vinavyoziba.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Bluetooth. Mjerumani Paul Lueg aliwasilisha ombi la hataza mwaka 1933 na kupewa hataza ya Marekani mwaka 1936 kwa mbinu ya kuzima sauti kwa sauti iliyogeuzwa. Mwaka 1953 Harry Olson na Everet May wa kampuni ya RCA walionyesha kifaa cha kielektroniki cha kufyonza sauti, na katika muongo huohuo Lawrence Fogel alipata hataza zilizolenga kelele za chumba cha rubani. Amar Bose, profesa wa MIT na mwanzilishi wa kampuni yenye jina lake, alianza kupiga hesabu zake ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston mwaka 1978. Vifaa vya majaribio vya kampuni hiyo vilitumiwa na Dick Rutan na Jeana Yeager katika ndege ya Voyager iliyoizunguka dunia bila kutua mwaka 1986, na kile cha marubani kikaingia sokoni mwaka 1989. Msafiri wa kawaida alisubiri hadi 2000. Visikilizio vidogo visivyo na waya vyenye uwezo huo vilianza kuenea baada ya WF-1000X ya Sony mwaka 2017, na AirPods Pro ya Oktoba 2019 ikavifanya kuwa kitu cha kila siku. Kilichokuwa kimekosekana muda wote huo ni chipu ndogo yenye kasi ya kutosha na betri ya kuilisha.

Hapa ndipo suala la vifaa mbalimbali linapoanza hasa. Bluetooth ya muziki na ya simu ina amri zilizokubaliwa na wote: cheza, simamisha, ruka wimbo, pandisha sauti, pokea simu. Ndiyo maana kisikilizio cha kampuni yoyote hupiga muziki kwenye simu yoyote. Katika amri hizo za pamoja hakuna ya kuwasha au kuzima ufutaji wa kelele sikioni. Kila kampuni ilijitungia ujumbe wake wa siri, na kuuweka ndani ya programu yake au ndani ya mfumo wa simu zake. Simu isiyojua ujumbe huo huona kisikilizio cha muziki tu, bila kitufe chochote cha kelele. Pengo hilo lingeweza kuzibwa miaka mingi iliyopita, na kutozibwa kwake kunazinufaisha kampuni zinazouza simu na visikilizio kwa pamoja.

Njia inayobaki wazi kwa kila mtu ni ile iliyo kwenye mwili wa kisikilizio. AirPods Pro ikiunganishwa na simu ya Android hubadili kati ya kufuta kelele na kupitisha sauti kwa kubana shina lake na kulishikilia, kama ilivyo kwenye iPhone. Amri hiyo haihitaji simu kuielewa. Kuunganisha kwenyewe hufanywa kwa kufungua kasha la kuchajia na, kwa matoleo yenye kitufe cha nyuma, kukibana hadi taa imulike nyeupe, kisha kuitafuta kwenye orodha ya Bluetooth. Mtumiaji wa Android anakosa kipimo cha kukaa kwa silikoni, ambacho hupiga sauti fupi na kuitumia maikrofoni ya ndani kuona kama tundu limeziba. Anakosa kuchagua hali nyingine za kelele. Muziki hausimami anapotoa kisikilizio kimoja. Na hapati masasisho kupitia simu yake. Yote haya ni ya upande wa amri. Ukimya anaoupata ni uleule wa mwenye iPhone.

Hali hiyo ina upande wa pili. Galaxy Buds za Samsung huongozwa na programu ya Galaxy Wearable kwenye Android ya aina yoyote, lakini programu ya iPhone ilihudumia matoleo ya mwanzo tu, na kuanzia Galaxy Buds Pro ya 2021 mwenye iPhone alibaki na mguso wa kidole. Mguso wa muda mrefu hubadili kati ya kufuta kelele na kupitisha sauti, na basi. Pixel Buds Pro ya Google nayo kwenye iPhone haina programu, ila kidole hufanya kazi. Kwa hiyo mwenye simu ya kampuni moja anayenunua visikilizio vya kampuni pinzani anapaswa kuuliza swali moja kabla ya kulipa: mguso wa muda mrefu umewekwa kufanya nini tangu kiwandani? Kama umewekwa kumwita msaidizi wa sauti badala ya kubadili hali ya kelele, atahitaji kukopa simu ya kampuni ile mara moja ili kuubadili. Katika AirPods Pro mpangilio huo huhifadhiwa ndani ya kisikilizio na huhama nacho.

Kampuni zisizotegemea kuuza simu zimekuwa karimu zaidi. Programu ya Sony ipo kwa Android na iPhone kwa pamoja na hutoa vidhibiti vinavyofanana, ikiwemo kiwango cha sauti ya nje chenye hatua 20. Bose hufanya hivyo pia. Hata Oraimo, chapa ya kundi la Transsion lenye simu za Tecno, Infinix na itel, ambayo bidhaa zake zimejaa madukani Afrika Mashariki, huweka ufutaji wa kelele kwenye FreePods 4 na kuuongoza kwa programu yake ya mifumo yote miwili. Kwa mtu ambaye nyumbani kwake kuna simu za aina mbili na kompyuta ya aina ya tatu, bidhaa za kampuni hizi ni chaguo la busara kuliko zile za kampuni kubwa za simu, hata pale ufutaji wake unapozidiwa kidogo.

Jitihada za kuvunja kuta zipo. Google iliingiza katika mfumo wake wa Fast Pair, ulioanza 2017 kama njia ya haraka ya kuunganisha, amri za hali ya kelele ambazo kampuni yoyote inaweza kuzitumia, na visikilizio vinavyozikubali huonyesha kitufe hicho kwenye mipangilio ya Android bila programu ya ziada. Wapo pia watengenezaji wa kujitegemea waliochunguza ujumbe wa siri na kuandika programu huria: LibrePods hufungua vidhibiti vya AirPods kwenye Android, ingawa kwenye simu nyingi imehitaji ruhusa za ndani kabisa za mfumo ambazo mtumiaji wa kawaida hapaswi kuzichezea.

Kuna vipengele vichache ambavyo kwa kweli hutegemea simu. Sony ina hali inayobadili kiwango cha ufutaji kulingana na mahali na mwendo wa mtu, kwa mfano akiwa kwenye basi au akitembea. Taarifa hizo hutoka kwenye simu, hivyo programu ikizimwa au visikilizio vikihamia kompyuta, hali hiyo hukoma na kisikilizio hubaki na mpangilio wa mwisho. Kwa upande wa Apple, marekebisho hukaa zaidi ndani ya chipu ya kisikilizio: AirPods Pro ya kwanza ilitangazwa kurekebisha ufutaji wake mara 200 kwa sekunde kulingana na umbo la sikio. Marekebisho hayo huendelea kisikilizio kikiwa kimeunganishwa na chochote.

Kwenye kompyuta, tatizo linalojitokeza zaidi hudhaniwa kuwa la kelele kumbe ni la simu na mikutano. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili zisizochanganyika: moja ya muziki, yenye sauti pana ya upande mmoja, na nyingine ya mazungumzo, inayobeba sauti pande zote mbili kwa ubora mdogo. Njia ya mazungumzo ya zamani huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde na ile iliyoboreshwa 16,000, wakati muziki wa diski huchukua 44,100. Programu ya mkutano inapoomba maikrofoni ya visikilizio, kompyuta huhamia njia ya pili, na muziki au sauti ya msemaji hugeuka nyembamba na yenye ukungu. Mtumiaji hudhani ufutaji wa kelele umezimika. Suluhisho ni kuingia kwenye mipangilio ya mkutano na kuchagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe kwa kusema, na visikilizio kwa kusikia tu. Kiwango kipya cha Bluetooth, LE Audio, ambacho maelezo yake yalikamilika mwaka 2022, kinaondoa mgawanyiko huo, ila pande zote mbili lazima zikiunge mkono.

Mikutano huleta mkanganyiko mwingine, nao umewagharimu wanunuzi wengi. Kuna kufuta kelele anayoisikia mvaaji, na kuna kusafisha sauti yake kabla haijamfikia anayezungumza naye. La pili hufanywa kwa maikrofoni zinazoelekezwa mdomoni na kwa programu inayotenganisha usemi na kelele. Linaweza kufanyika popote: ndani ya kisikilizio, ndani ya simu, au kwenye seva, na hakuna haja ya mikrosekunde kwa sababu msikilizaji wa upande wa pili si kwamba huvumilia tu milisekunde kadhaa, bali hata hazitambui. iPhone ina kipengele cha kutenga sauti ya msemaji tangu iOS 15 ya 2021, na Google Meet ilianza kuondoa kelele za nyuma mwaka 2020. Maboksi ya visikilizio vya bei nafuu huandikwa ENC kwa herufi kubwa kumaanisha kazi hii ya pili. Ile ya kwanza huandikwa ANC. Muuzaji anayesema “hizi zinakata kelele” akionyesha ENC anaweza kuwa mkweli kwa upande wake, lakini mnunuzi aliyetaka kupumzika kwenye basi la mkoani atarudi nyumbani na kitu kingine kabisa. FreePods 3 na FreePods 4, kwa mfano, zimetenganishwa na jambo hilihili.

Runinga na mashine za michezo zina vikwazo vya kuunganisha. Runinga nyingi mpya zina Bluetooth na hupokea visikilizio vya kampuni yoyote, na ufutaji huongozwa kwa kidole. PlayStation 5 haipokei visikilizio vya Bluetooth moja kwa moja, wala Xbox. Zote mbili huhitaji kifaa cha kati au visikilizio vilivyotengenezwa kwa ajili yao. Nintendo Switch ilipata uwezo huo kwa sasisho la Septemba 2021, kwa kusikiliza tu. Kwenye michezo, ucheleweshaji wa Bluetooth husikika kwa sababu mashine haiwezi kuichelewesha picha ili ifuatane na sauti, kama zinavyofanya programu nyingi za video. Kuzima ufutaji wa kelele hakusaidii chochote hapo.

Ndani ya ndege, skrini za viti nyingi bado zina tundu la waya la milimita 3.5. Abiria mwenye visikilizio visivyo na waya anahitaji kirushio kidogo kinachochomekwa hapo na kutuma sauti kwa Bluetooth. Asiyekuwa nacho bado anapata faida kubwa kuliko zote: anavivaa, anawasha ufutaji, na injini inanyamaza, simu ikiwa katika hali ya ndege.

Kuhama kati ya vifaa viwili ndani ya siku moja kuna taratibu mbili. Baadhi ya visikilizio hushika vifaa viwili kwa wakati mmoja, vya kampuni yoyote, kwa hiyo simu ikilia wakati video inacheza kwenye kompyuta, huhamia simu vyenyewe. WF-1000XM4 ya Sony ilitoka 2021 bila uwezo huo na kuupata kwa sasisho la 2023. Utaratibu wa pili ni wa akaunti: AirPods huhama zenyewe kati ya vifaa vilivyosajiliwa kwa akaunti moja ya Apple, na Galaxy Buds kati ya vifaa vya akaunti moja ya Samsung. Kifaa kimoja cha nje kikiingia katikati, kwa mfano kompyuta ya Windows ya ofisini, mtumiaji wa AirPods hulazimika kuunganisha kwa mkono kila mara. Hali ya kelele haiathiriki katika kuhama huko, kwa kuwa inakaa kwenye kisikilizio.

Betri hulipia ukimya. AirPods Pro ya kwanza ilikadiriwa saa 5 za kusikiliza bila ufutaji na saa 4 na nusu ukiwa umewashwa. WF-1000XM4 ilikadiriwa saa 12 na saa 8. Faida inayopatikana kwa gharama hiyo ni ya kiafya zaidi ya starehe. Shirika la Afya Duniani huweka mpaka wa usikilizaji salama kwa watu wazima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu: 83 kwa saa 20, 86 kwa saa 10, 89 kwa saa 5. Msikilizaji ndani ya basi lenye kelele hupandisha muziki juu ya mngurumo bila kujua amefika wapi. Mngurumo ukipungua, naye hupunguza. Atakayeacha muziki mahali pake baada ya kuwasha ufutaji amepoteza sababu bora ya kununua visikilizio hivi. Barabarani hali ni kinyume: mtembea kwa miguu anahitaji kuisikia pikipiki inayotoka nyuma, na hali ya kupitisha sauti, inayotumia maikrofoni zilezile za nje kuingiza mazingira ndani, ndiyo inayofaa. Hata hiyo haimpi mtu uhakika wa upande sauti inakotokea kama sikio lililo wazi, hivyo wakati wa kuvuka barabara ni vyema kuvitoa.

Uwezo wa kufuta kelele hubadilika baada ya kununuliwa. Masasisho ya programu ya ndani ya kisikilizio hugusa vichujio vyenyewe, na hupatikana kwa njia ya kampuni husika tu. Mwenye AirPods anayetumia Android huzisasisha kwa kuziacha kwenye chaji karibu na iPhone, iPad au Mac iliyounganishwa nazo na iliyo kwenye intaneti. Mara nyingi, hata hivyo, anayesema ufutaji umepungua ana tatizo la nta. Nta na vumbi huziba wavu wa maikrofoni, ya ndani au ya nje, na kichakataji hupokea taarifa mbovu. Brashi laini na kavu hutosha. Maji hayafai, isipokuwa kampuni yenyewe iyaruhusu. Kisikilizio kimoja kikivuma na kingine kikiwa shwari, wavu wa kile kinachovuma ndio wa kuangaliwa kwanza, kisha silikoni yake. Silikoni huchakaa na kulegea, na vipande vya kubadilisha huuzwa kwa saizi, ila vya AirPods Pro vina mdomo wenye umbo la yai usioshikana na vya kampuni nyingine, hivyo ni muhimu kutaja modeli dukani kabla ya kununua.